Mtahini wa Mawakili Naye Alipwe

Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria iliyoko Dar es Salaam yaliishtua nchi. Katika wanafunzi 633, waliofaulu mara moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Lawama zikaenda kwa wanafunzi, vyuo na Shule yenyewe.

Sisi twauliza jambo dogo zaidi. Mtu anayesahihisha karatasi za mawakili wa kesho analipwaje?

Wakili hushinda mahakamani asubuhi, mchana yuko na wateja, jioni huandika hati za kesi. Mwongezee bunda la karatasi za mtihani, atazisoma saa ngapi? Na jibu la sheria halisahihishwi kama hesabu. Mwanafunzi aweza kufika penginepo kwa hoja nzuri, na kuliona hilo kwataka kusoma mara mbili.

Wako wasemao kutahini ni heshima, haifai kudai fedha. Heshima hiyo ni ya mwenye ofisi kubwa mjini. Wakili wa Songea au Kigoma akifunga mlango wiki mbili, nani atamlipia pango? Basi kazi ikiwa ya bure, mlango wa uwakili utashikwa na matajiri peke yao. Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ili watoto wa wakulima nao waingie mlango huo.

Mkulima wa pamba atauliza kwa nini kodi yake impe fedha mtu mwenye suti. Ana haki kuuliza. Lakini binti yake ndiye anayesahihishiwa usiku wa manane.

Malipo yawe ya siku, tena kwa idadi ya karatasi isiyozidishwa, maana ukilipa kwa karatasi tu utanunua haraka. Yasitoke katika ada ya wanaorudia mtihani: mtahini asile kwa kuanguka kwa mtu. Karatasi iliyokosa alama chache isomwe na mtahini wa pili, naye alipwe. Kiwango kitangazwe, Wabunge wakiulize wakati wa bajeti ya Sheria.

Na wakili atakayepokea fedha hizo kisha akamwachia karani wake kalamu nyekundu, afutwe katika orodha ya watahini siku hiyo hiyo.