Tunahesabu Majengo, Hatuhesabu Waliokufa

Zipo takwimu za afya zinazosomwa majukwaani, na zipo zinazobaki daftarini. Za jukwaani tunazijua sote: majengo yaliyokamilika, magari ya wagonjwa yaliyokabidhiwa, mabilioni yaliyotolewa. Za daftarini ni wachache wanaozijua: mgonjwa alifikishwa saa ngapi, alikaa muda gani kabla ya kuguswa na mtaalamu, na kama saa ishirini na nne baadaye alikuwa hai. Nimeandika makala haya kudai kwamba hizo za pili nazo zisomwe hadharani. Ninaanza na Korogwe kwa sababu ambazo msomaji ataziona mwenyewe.

Anayeijua Korogwe anajua kwamba mji huu haukuchagua kuwa mji wa dharura. Barabara ndiyo iliyouchagulia. Kila basi, lori na gari dogo linalotoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze na Segera kwenda Moshi na Arusha hupita hapo. Ikifika Desemba, watu wanapopanda Kilimanjaro kwa sikukuu, msururu wa magari huwa usiku na mchana. Upande mmoja kuna milima ya Usambara, ambako mgonjwa hushushwa kwa pikipiki katika njia zenye kona na utelezi. Upande mwingine kuna mashamba ya mkonge, na ng'ambo yake vijiji vya Handeni, ambako kituo cha afya chaweza kuwa safari ya nusu siku kwa asiye na nauli. Kwa hiyo mlango wa dharura wa Hospitali ya Magunga unapokea mafuriko ya namna tatu kwa pamoja: majeruhi wa barabarani, watoto wenye homa kali, na akina mama ambao uzazi umewageukia.

Tukumbuke usiku wa tarehe 3 Februari 2023. Katika eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa imebeba wafiwa wakisindikiza maiti ya ndugu yao kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika mkoani Kilimanjaro. Watu 17 walitangazwa kufa, na siku zilizofuata idadi hiyo ikapanda. Majeruhi waligawanywa kati ya Magunga na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, iliyoko Tanga mjini, takriban kilomita mia moja kutoka hapo. Salamu za rambirambi zilitoka hadi Ikulu, na zilistahili.

Lakini msomaji ajiulize ni mambo gani yaliyoulizwa baada ya hapo. Tuliuliza mwendo wa gari. Tuliuliza habari za kulipita gari jingine mahali pasiporuhusiwa. Tulimuuliza dereva, na pale dereva alipokuwa amekufa tulimlaumu marehemu. Yote hayo ni sawa kuulizwa. Ambalo halikuulizwa hadharani, wala haliulizwi katika ajali nyingine yoyote, ni hili: kati ya waliotolewa katika vyuma wakiwa wanapumua, wangapi walikufa, walikufa baada ya muda gani, na kwa kukosa nini? Damu? Mtu wa kuwafungua njia ya hewa? Gari? Daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu? Taifa linalohesabu waliokufa bila kuhesabu waliokuwa na uwezekano wa kupona limeridhika kuomboleza tu.

Sitaki nieleweke kwamba hakuna lililofanyika. Idara ya kwanza nchini ya huduma za dharura iliyokamilika ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na kuanzia hapo vijana wetu wakaanza kusomea ubingwa wa tiba ya dharura hapa hapa nyumbani. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga majengo ya huduma za dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi za mikoa na halmashauri. Hiyo ni hatua kubwa, na asiyeikiri ana chuki tu.

Hata hivyo jengo ni ganda. Uhai wake ni muuguzi anayesimama mlangoni na kujua, kwa kumtazama na kumpima mgonjwa kwa dakika chache, nani aingie sasa na nani anaweza kusubiri. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, idara ya watoto ilipangwa upya kwa kanuni hiyo: watoto walichambuliwa mara tu walipofika kufuatana na uzito wa hali zao, waliozidiwa wakatibiwa kabla ya kuandikishwa, na watumishi wakafundishwa hatua za kuokoa maisha. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Malawi si nchi tajiri kuliko sisi. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio wa foleni na mafunzo ya waliokuwapo. Na jambo la kuzingatia ni kwamba mafanikio yale tunayajua leo kwa sababu mtu alihesabu vifo kabla na baada.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka 2004, jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ukanda ambao Korogwe imo. Watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kuanzishiwa matibabu ya malaria. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, wenye vijidudu vya malaria walikuwa asilimia 46.1 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa usiokuwamo mwilini mwao. Tena wale wasio na malaria ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, ikilinganishwa na asilimia 6.9 ya waliokuwa nayo kweli. Theluthi mbili hivi ya wale wasio na malaria hawakupewa dawa za kuua bakteria.

Ninapowasomea wanafunzi wangu tarakimu hizo, huwa ninawaomba waziache zikae kimya kidogo kabla ya kuzieleza. Kwa miaka mingi madaftari yetu yaliandika "malaria kali," wazazi wakaambiwa "malaria kali," na takwimu za wilaya zikasema "malaria kali." Hakuna aliyedanganya. Mfumo ulikuwa unahesabu kile ulichodhani, na kwa kuwa haukulinganisha ulichodhani na kilichompata mgonjwa, haukuweza kujisahihisha. Tangu wakati huo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea hadi zahanati, na hilo limesaidia sana. Lakini ugonjwa wenyewe wa mfumo, yaani kuandika mgonjwa alivyoingia bila kufuatilia alivyotoka, bado haujapona.

Chukua daftari la MTUHA. Linatuambia jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Magunga kwenda Bombo, habari yake katika kitabu cha kwanza huishia kwenye neno "rufaa." Akifika Bombo anakuwa mgonjwa mpya. Akifia njiani, pengine Segera, pengine Muheza, anakuwa maiti ya nani? Hospitali iliyompeleka inasema aliondoka akiwa hai, na iliyompokea inasema alifika amekwisha kufa. Hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Basi kifo kile kinaangukia katika ufa ulio kati ya ofisi mbili za serikali, na ufa huo hauna mtu wa kuuwajibikia.

Nitajibiwa kwamba wananchi wenyewe wanachelewa, kwamba wanaanzia kwa mganga, wanaanzia duka la dawa, wanakuja mambo yameharibika. Jibu hilo ni la zamani, na ukweli wake ni nusu. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipoandika kuhusu vifo vya uzazi, walionyesha kwamba ucheleweshaji ni wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tena walionyesha kwamba namna hizi hazitengani. Mama wa kijijini anayejua kwamba gari ni la taabu, na kwamba akifika atakaa kwenye benchi, huchelewa kuamua kwa sababu ya hayo anayoyajua. Tunaita ujinga kile ambacho mara nyingi ni hesabu sahihi ya mtu maskini. Viongozi wetu hupenda kuuhutubia ucheleweshaji wa kwanza, kwa kuwa lawama zake ni za mwananchi. Wa pili na wa tatu ni wao wanaopaswa kujibu.

Nitajibiwa pia kwamba nchi ni maskini. Basi tuitazame m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo, anayepokea hupima uzito wa hali, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa safari yake. Nauliza swali moja: kama tunaweza kufanya hivyo kwa mama mwenye uchungu, ni kanuni gani inayotuzuia kufanya hivyo kwa mtoto aliyepoteza fahamu kwa homa, kwa mkata mkonge aliyeumwa na nyoka, au kwa kijana wa bodaboda anayevuja damu kandokando ya barabara kuu? Madereva ni wale wale, simu ni zile zile, na barabara ni ile ile.

Kuna jingine ambalo halihitaji hata shilingi. Majeruhi hufikishwa hospitalini na wasamaria, kisha wasamaria hao hutumwa polisi kufuata PF3, au mwenye mgonjwa huelekezwa kwanza dirisha la malipo. Mara kwa mara viongozi wametamka kwamba uhai hutangulia karatasi. Tamko linalolazimika kurudiwa kila baada ya muda linaonyesha kwamba huko chini halijatekelezwa. PF3 ina kazi yake katika ushahidi na haki, nami siipingi. Lakini karatasi inaweza kuandikwa mgonjwa akiwa kitandani na dripu ikiwa mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa jambo hili kabla ya lolote jingine: je, asiye na kadi, aliyeokotwa barabarani saa nane za usiku, atahudumiwa kwanza?

Hoja ya mwisho ninayoitarajia inatoka kwa watumishi wa afya, na hii ninaiheshimu. Wanahofu kwamba takwimu za vifo zikitangazwa zitakuwa fimbo ya kuwachapia. Muuguzi mmoja aliye zamu ya usiku na wagonjwa wasiohesabika asije akatolewa kafara kwa makosa ya bajeti. Nakubali. Ndiyo maana takwimu hizo lazima zitangazwe pamoja na idadi ya watumishi waliokuwa zamu, chupa za damu zilizokuwapo, na kama oksijeni na mafuta ya gari vilikuwapo. Zikitangazwa hivyo zitakuwa ngao ya muuguzi. Leo anapolaumiwa na ndugu wa marehemu hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliomba damu na haikuwapo.

Basi madai yangu ni haya, na nayapeleka kwa madiwani wa halmashauri za Korogwe na Handeni kabla ya kuyapeleka Dodoma. Kila robo mwaka, katika baraza lenu, pamoja na taarifa ya madarasa na vyoo, dai taarifa ya mlango wa dharura: walioingia ni wangapi na kwa sababu gani, walifika saa ngapi na walihudumiwa saa ngapi, wangapi walifariki ndani ya saa 24, wangapi walipewa rufaa, na kati ya hao wangapi walifika wakiwa hai na wangapi walirudi nyumbani. Hospitali inayopokea rufaa ilazimike kurudisha jibu kwa iliyotuma. Vijana wa bodaboda na wakazi wa vijiji vya kandokando ya barabara, kuanzia Mkata hadi Mombo, wafundishwe kuzuia damu na kumbeba majeruhi bila kumvunja zaidi, kwa sababu wao ndio hufika kwanza kila ajali inapotokea.

Najua kwamba takwimu za mwanzo zitakuwa mbaya. Zitamfedhehesha mkurugenzi, zitamuudhi mkuu wa wilaya, na wapo watakaotaka zirudishwe kabatini. Diwani atakayekataa zisirudishwe atakuwa amefanya kazi aliyochaguliwa kuifanya. Na wewe msomaji wa Korogwe, kikao cha baraza ni cha wazi kwa mujibu wa sheria. Nenda ukakae nyuma, usikilize kama swali hilo limeulizwa, na lisipoulizwa, mkitoka nje muulize diwani wako kwa nini.