SHAMBA NA ZANA ZAKE: Kufufua Injini ya Trekta Kuukuu

Trekta ndogo za kijivu za Ferguson, zijulikanazo kwa jina la TE20, ziliundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, na jumla yake ilipita laki tano. Mwezi wa Januari 1958 Sir Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa trekta za namna hiyo. Zana iliyoivuka barafu ile haiogopi udongo wa Trans Nzoia. Lakini mkulima anunuaye moja yake leo hununua pamoja nayo miaka sabini ya kazi na uzembe wa watu wengine.

Dalili za uchakavu hujulikana. Moshi wa samawati hutoka, oili hupungua kila siku, na jembe likizama ardhini nguvu huisha. Hapo wengi hukimbilia kununua ringi mpya peke yake na kuzitia katika silinda zilizolika. Fedha hiyo ni ya kutupa. Silinda iliyolika haina mviringo tena, na ringi ya duara haiwezi kuziba tundu lenye umbo la yai. Msimu haujaisha, moshi umerudi.

Yafaa kwanza ijulikane ugonjwa u wapi. Mgandamizo wa kila silinda upimwe kwa geji, kisha kijiko cha oili kitiwe katika tundu la plagi na kipimo kirudiwe. Mgandamizo ukipanda, mgonjwa ni ringi na silinda. Usipopanda, vali ndizo za kushukiwa, au gasketi ya kichwa. Kabla ya kuagiza vipuri, ithibitishwe pia injini ni ipi. Trekta za kwanza zilikuwa na injini ya Continental kutoka Marekani. Zilizofuata zilikuwa na injini ya Standard, ya petroli, yenye silinda za milimita 80, nayo ikapanuliwa kuwa milimita 85 mwaka 1951. Pistoni za moja haziingii katika nyingine, na dukani aghalabu hakuna wa kumwonya mnunuzi.

Trekta hii haina fremu. Injini yenyewe ndiyo mfupa uunganishao ekseli ya mbele na sanduku la gia, kwa hiyo ikitolewa, chombo hukatika vipande viwili. Magogo imara yawekwe chini ya pande zote mbili kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Jeki peke yake isitegemewe, wala mtu asiingie chini kwa kuharakisha kazi. Mvua za Machi zitangoja. Mguu uliovunjika hauna kipuri.

Faida kubwa ya injini ya Standard ni kwamba silinda zake ni slivu za chuma zinazozungukwa na maji. Zikilika huvutwa na kutiwa mpya, bila kupeleka bloku yote kukerezwa mjini. Ila chini yake hukaa tope la kutu, nalo lisipokwanguliwa hata chuma kitakate, slivu mpya haitakaa sawa. Slivu ikishakaa juu ya gasketi yake, ukingo wake wa juu uinuke kuliko bloku kwa sehemu tatu hadi tano katika elfu moja za inchi. Ikiwa chini ya hapo, gasketi ya kichwa haitashika. Tena, krenki isizungushwe wakati kichwa kimetolewa, isipokuwa slivu zimebanwa kwa bolti na washa. Pistoni huziinua, muhuri wa chini huharibika, na maji hushuka katika oili. Kosa hilo halionekani mpaka kazi yote imekwisha.

Kila konrodi na kifuniko chake vitiwe alama, visichanganywe. Krenki ipimwe kwa maikromita na fundi mwenye nayo. Kidole cha mkono hakitambui uduara uliopotea. Ikihitaji kusagwa, beringi zinunuliwe baada ya kusagwa, kwa kipimo kipya, si kabla.

Mlaji mkubwa wa injini hizi ni vumbi. Anayelima wakati wa kiangazi bila kusafisha bakuli la oili la kichujio cha hewa huvuta mchanga ndani ya slivu alizozilipia. Katika vumbi zito bakuli hilo liangaliwe kila siku, na mipira ya bomba lake ikaguliwe isije ikawa imepasuka.

Injini mpya isiachwe ikinguruma bure kutwa nzima, wala isitwikwe mzigo mkubwa. Ipewe kazi nyepesi siku chache, kuvuta tela au kupiga haro. Kisha oili imwagwe ingali moto, maana hubeba unga wa chuma. Injini ikipoa, nati za kichwa zikazwe tena kuanzia katikati, na nafasi za vali zipimwe upya. Ndipo plau ifungwe nyuma.