Parki yenye mpaka haijulikani haichungi kitu

Desemba 2022, kule Montréal, inchi nyingi zilikubaliana: kufika mwaka 2030, asilimia 30 ya udongo na ya maji ya dunia iwe imechungwa. Ni neno nzuri. Lakini sisi wa Walikale na Masisi tunauliza: itahesabiwa ku karatasi ao mu pori?

Kahuzi-Biega iliundwa 1970. Mwaka 1975 Leta ikaipanua kutoka kilomita mraba 600 mpaka 6.000, ikaingia mu udongo wa Walikale. Wenye kuishi pale hawakuulizwa. Njo maana mpaka leo mutu analima ao anachimba kasiterite, halafu mlinzi anamwambia: «Hapa ni ndani ya parki.»

Sheria inakataza kuchimba ndani ya parki. Sisi wa sendika hatupingi. Sokwe na miti si adui wa mchimbaji. Lakini Kodi ya madini ya 2002 inatambua pia zone za wachimbaji wadogo. Leta izifungue inje ya parki, fasi kwenye madini iko kweli, si kwenye mawe matupu. ICCN na wami waweke alama za mpaka mbele ya raia.

Wengine watasema: vita iishe kwanza. Basi, fasi kwenye kuna usalama, kazi ianze. Mutu hachungi nyumba kwenye alifukuzwa bila kuambiwa.