Kondomu Bora ni Ile Inayotumika

Kondomu inayobaki ndani ya boksi haimkingi mtu yeyote. Hoja hiyo ina uzito katika Kata ya Songwa, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako kazi za migodini huwakusanya vijana walio mbali na familia zao.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Maabara hupima iwapo kondomu inavuja au kupasuka, lakini haiwezi kueleza iwapo mtumiaji ataiona inambana au inamkera. Majibu hayo hutolewa na watumiaji wenyewe, wanaopewa aina tofauti kwa zamu na kuzilinganisha.

Kondomu ya kike ni mfano. Ile ya kwanza ililalamikiwa kwa kelele na bei. Ya pili ikatengenezwa kwa malighafi laini na nafuu zaidi. Shirika la PATH nalo liliwashirikisha watumiaji wa Afrika Kusini, Thailand, Mexico na Marekani, na ugumu wa kuivaa ukapatiwa jibu: ncha iliyofungwa ndani ya kapsuli inayoyeyuka mwilini.

Hivyo, ununuzi wa kondomu hauna budi kuzingatia ubora na bei, pamoja na kauli ya mchimbaji na ya mama lishe. Nao wananchi wanaoombwa maoni waseme ukweli bila haya, kwa kuwa ukimya wao huacha boksi likiwa limejaa.