UYOGA: TUULIZE MASWALI MAWILI, SI MOJA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka mvua zinapokolea hapa Sumbawanga, hatukosi mwanafunzi anayekuja madrasa na uyoga ndani ya kofia yake au kwenye pindo la mtandio. Huuliza: "Ustadhi, huu ni halali?" Nami humuuliza: "Umeuchuma wapi, na nani amekufundisha kuutambua?" Wenzake hucheka wakidhani nimelikwepa swali. Sijalikwepa.

Uyoga ni halali, hilo halina mjadala. Lakini katika Suratul-Baqara, aya ya 168, Allah (S.W.) ameviambatanisha viwili: chakula kiwe halali na kiwe twayyib, yaani kizuri kisicho na madhara. Na katika aya ya 195 ya sura hiyo hiyo ametukataza kujiangamiza kwa mikono yetu. Kwa hiyo uyoga wenye sumu haufai kuliwa hata kama umechumwa kwa Bismillah.

Wapo wanaotoa hoja ya hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (R.A.), ambayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba kam-a ni katika manna na maji yake ni dawa ya macho. Hadithi ni sahihi. Ila kam-a ni aina maalumu, ya mviringo kama kiazi, inayokaa chini ya mchanga wa jangwani. Si kila uyoga unaoota nyuma ya nyumba. Tafadhali, mtu asikamulie uyoga wa porini machoni mwa mtoto kwa kudhani anafuata Sunna.

Nimesikia pia "vipimo" vingi vya mitaani. Eti uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Eti ukipikwa na kitunguu bila kubadilika rangi hauna sumu. Eti kuchemsha sana huondoa sumu. Yote haya si ya kutegemewa. Katika kundi ambalo wataalamu huliita Amanita, upo uyoga unaoliwa sana katika misitu ya miombo, na wapo ndugu zake wanaoua. Sumu ya hao wauaji haiondoki kwa moto. Hatari zaidi ni kwamba mlaji hukaa saa 6 hadi 24 bila kuhisi kitu. Kisha hutapika na kuharisha, halafu hupata nafuu, na familia hushukuru. Kumbe ini linaharibika. Aliyekula uyoga akaanza kutapika apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga huo. Asisubiri nafuu.

Je, tuache kuchuma? Hapana. Rai yangu ni kwamba kuchuma uyoga ni elimu, na elimu ina wenyewe. Bibi zetu wanaujua uyoga wa kwenye vichuguu, ambao mchwa wenyewe huulima chini ya ardhi, na wanaujua wa miomboni, kwenye miteremko ya kuelekea Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Hata wataalamu Härkönen, Niemelä na Mwasumbi, waliochapisha kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, hawakudharau kuwauliza wanavijiji. Basi wewe mwanafunzi utaona haya gani kubeba kikapu cha bibi yako? Tunakwenda kwa ustadhi kusahihishwa herufi moja ya Qur'an. Twende kwa bibi kabla elimu hiyo haijazikwa naye. Na usiochumwa mbele ya anayeujua, usiingie chunguni.

Kwa nyumba isiyo na mjuzi, njia salama ni kulima. Uyoga aina ya mamama haudai shamba. Mabua ya mahindi au ya ngano, ambayo hapa Ufipa tunayachoma moto, hukatwakatwa, huloweshwa, huchemshwa, huchujwa na kuachwa yapoe. Kisha hupangwa kwa tabaka pamoja na mbegu za uyoga, ndani ya mfuko safi wa nailoni au ndoo iliyotobolewa pembeni. Huwekwa gizani wiki 3 au zaidi kidogo, maana kwetu ni baridi, mpaka utando mweupe uenee. Baada ya hapo hupewa hewa, mwanga kidogo, na kunyunyiziwa maji kila siku. Muhimu ni usafi na mbegu kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Usafi tunaujua: ni nusu ya imani.

Wazazi wetu, msiwatume watoto peke yao kuchuma. Nanyi wanafunzi, mkiniletea uyoga tena msimu ujao, njooni na majibu mawili: ni halali, na nimefundishwa na fulani kwamba ni salama. Hapo nitauomba na mimi nionje.

Allah atujaalie riziki ya halali iliyo njema, na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.