Mtoto Haji na Mto Wake

Wako wasemao kuwa kila mtoto huja na riziki yake, na kwa neno hilo hujiona wamemaliza maneno. Neno hili latuliza moyo, lakini halijazi mtungi. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta Dar es Salaam watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, wala hapana hata mmoja aliyekuja na mto wake.

Temeke ni shahidi. Mto Kizinga, ulishao mtambo wa maji wa Mtoni, ni ule ule wa zamani, bali nyumba na taka zimeusogelea. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, nyumba hazikuisoma. Mvua zilipokawia mwaka 2022, mto Ruvu nao ulipungua, na jiji likagawiwa maji kwa zamu.

Wengine huwalaumu maskini kwa uzazi wao. Lawama hiyo ni nyepesi, tena haina haki. Ajengaye bondeni hakulipenda bonde, alikosa kiwanja. Wazazi na wapange uzazi, ndio wajibu wao. Lakini wenye mamlaka nao wapime viwanja kabla nyumba hazijasimama, na waulinde mto kabla haujafa. Kuwahesabu watu pasipo kuwahesabia maji ni kuandika majina ya wageni pasipo kuinjika chungu.