Turathi zinazopitwa mbio katika barabara ya Mombasa-Malindi

UAMUZI wa shirika la Unesco wa kuyaorodhesha magofu ya Gede kuwa Turathi ya Dunia mnamo Julai 2024 uliipa Kenya eneo la nane lenye hadhi hiyo. Manne kati ya hayo yako Pwani: Mji wa Kale wa Lamu ulioorodheshwa 2001, misitu ya Kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Fort Jesus mwaka 2011 na sasa Gede.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba barabara moja inatosha kumfikisha msafiri kwenye matatu kati ya manne hayo. Anayetoka Fort Jesus asubuhi kuelekea Malindi, safari ya takriban kilomita 120, hupita kando ya nchi ya makaya na kufika njia panda ya Gede kabla ya adhuhuri. Ni barabara chache nchini zinazoweza kujivunia utajiri wa aina hiyo.

Hata hivyo, wasafiri wengi huipita kama njia ya kuwafikisha ufuoni tu. Basi la watalii hutoka Mombasa na kusimama Watamu au Malindi, na yote yaliyo katikati huonekana dirishani, tena kwa mbali.

Yaliyo katikati si haba. Mara tu baada ya kuvuka daraja la Nyali kuna Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Magari husongamana hapo kila siku, na ni abiria wachache wanaojua kwamba wamekwama mbele ya ukurasa muhimu wa historia ya biashara ya utumwa.

Mbele kidogo, karibu na Mtwapa, kuna Jumba la Mtwana, mji wa mawe wa karne ya 14 wenye msikiti uliojengwa hatua chache kutoka baharini. Kisha yanafuata mashamba ya mkonge ya Vipingo, na njia ya kuingia Takaungu, mji ambao baadhi ya Wamazrui walihamia baada ya kushindwa na Sultani Seyyid Said huko Mombasa mwaka 1837. Baada ya Kilifi barabara huambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, hadi Gede.

Historia ya Mnarani, kwenye ukingo wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, inaeleza vyema zaidi tatizo lililopo. Kwa miaka mingi magari yalivushwa kwa feri mahali hapo. Abiria walilazimika kushuka na kungoja zamu, na wachuuzi wa korosho na madafu wakapata riziki kutokana na kungoja huko. Magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yalikuwa juu tu ya gati.

Daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, safari ikawa ya dakika chache na hakuna aliyetamani feri irudi. Lakini Mnarani ilibaki pembeni, na tangu hapo anayetaka kuizuru ni sharti awe amekusudia kufanya hivyo kabla ya kuondoka nyumbani.

Funzo hilo lina uzito zaidi wakati huu ambapo barabara yenyewe inabadilishwa. Mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha ufadhili wa mradi unaojumuisha upanuzi wa sehemu ya kutoka Mombasa hadi Kilifi. Wakazi wa Mtwapa, waliozoea kukwama barabarani kwa saa nyingi, wana kila sababu ya kuufurahia. Ila barabara pana humwondolea dereva sababu ya kusimama, na pale pasipotengwa mahali pa kuegesha magari, hata anayetaka kusimama hawezi.

Swali basi ni nani atakayetenga mahali hapo. Barabara kuu ziko chini ya Halmashauri ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA). Magofu yanasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Nayo Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, iliiachia serikali kuu makaburi na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, huku serikali za kaunti zikikabidhiwa utalii wa mashinani.

Kwa hivyo bango la kumwelekeza mgeni Jumba la Mtwana linahusu asasi tatu kwa pamoja, na kila moja inaweza kudai kwa haki kwamba si jukumu lake peke yake. Mabango madogo kwenye njia panda ni zao la mpangilio huo, wala si la uhaba wa fedha pekee.

Lakini mabango si kiini cha suala hili. Kiini ni mapato. Ada anayolipa mgeni langoni ni ya Makavazi ya Kitaifa, na mwanakijiji anayeishi nyuma ya ua wa magofu hana lake hapo isipokuwa apate kuuza kitu. Mtu asiyenufaika na ukuta wa kale huona mawe ya kujengea tu, na msitu usiomlipa huuona kama kuni na makaa.

Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ulitoa jibu la tatizo hilo. Wakati huo majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walitaka msitu huo ukatwe ili wagawiwe mashamba. Mradi uliwafunza kufuga viwavi hadi wawe mabuu, ambayo huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kwa kuwa vipepeo wa kuzalisha hutoka msituni, mfugaji akawa na sababu yake mwenyewe ya kuulinda.

Karibu na hapo, kwenye hori la Mida, shirika la A Rocha Kenya hutumia ada za wageni wanaopita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko kuchangia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu. Mpango huo ulianza 2001. Mzazi ambaye mwanawe amesomeshwa na mikoko hahitaji kuhubiriwa kuhusu uhifadhi.

Ni ajabu kwamba wazo hilo limekita mizizi kwenye vipepeo na mikoko, lakini halijasambazwa kwa uzito huo huo kwenye magofu yenyewe.

Tahadhari inahitajika kuhusu makaya. Misitu hiyo ina makaburi na mahali pa kuombea, na wazee wana masharti juu ya nani aingie, afike wapi na avae nini. Jamii hizo zinakumbuka pia vigango, nguzo za mbao za kuwaenzi wazee waliofariki, vilivyoibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa kutoka Marekani kwa familia iliyovipoteza. Kaya inaweza kuelezwa vizuri katika kituo kilicho kando ya barabara, na wazee wakalipwa kwa kusimulia, pasipo mgeni kukanyaga kitovu chake.

Soko nalo lipo. Ghasia za Likoni mwaka 1997, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na janga la corona mwaka 2020, yote yaliwatia wageni wa kigeni hofu na kuziacha hoteli za Pwani taabani. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 imewarahisishia Wakenya wa bara safari ya Mombasa, na shule huleta wanafunzi. Hawa ndio wanaoweza kushawishiwa kusimama Mtwapa kwa saa moja, wakanunua mahamri na mbaazi, kisha wakasimama tena Mnarani.

Kinachotakiwa ni ardhi ndogo tu penye njia panda za Mtwapa, Mnarani na Gede: maegesho, vibanda vya wachuuzi na ramani ya vituo vyote. Ardhi hiyo ikishauzwa kwa wajenzi wa maduka na vituo vya petroli, kama inavyotokea kila mahali lami mpya inapofika, kuinunua tena kutaigharimu kaunti mara nyingi zaidi.